Kuishi Dar ukiwa Mkatoliki: maswali ninayoulizwa kila wiki

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa jumuiya moja, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, huku Tabata, na kwa sababu namba yangu ndo ipo kwenye lile daftari la wageni basi kila mtu akihamia mtaani kwetu kutoka Bukoba, Moshi, Songea, Mahenge, popote, lazima atanitumia mesiji, na maswali yanafanana kweli. Kuna wanaouliza misa saa ngapi, kuna wanaouliza jogingi iko wapi, kuna wanaouliza yote mawili kwa pamoja kama vitaendana. Nimeyaandika hapa yote na majibu ninayotoa. Sio padri mimi, yale ya sheria za Kanisa nimeyasoma na nimemuuliza paroko, lakini ya mjini ni ya kwangu kabisa.

Nimefika Dar juzi tu. Nianzie wapi, parokiani?

Anzia mtaani. Usianzie parokiani. Parokia za Dar ni kubwa mno, unaweza kusali miaka mitano pale pale, benchi lile lile, na hamna hata mmoja anayelijua jina lako. Muulize mama mwenye nyumba, au yule wa duka la Mangi, au mama wa genge, "jumuiya ya Wakatoliki hapa wanasalia kwa nani wiki hii?" Utashangaa, hata jirani Muislamu anajua, maana anasikia nyimbo asubuhi. Ukienda waambie umetoka parokia gani, ukiwa na barua kutoka jumuiya ya ulikotoka ni vizuri zaidi, na cheti cha ubatizo kitafute mapema, usisubiri mpaka siku unataka kuoa ndo uanze kumpigia katekista wa kijijini akatafute kitabu cha mwaka 1994.

Jumuiya yenyewe wanafanya nini hasa?

Kwetu tunakutana Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, wiki hii kwako wiki ijayo kwa jirani. Tunasoma masomo ya Dominika (Jumapili) inayofuata, watu wanachangia wameelewa nini, tunaombea wagonjwa, tunasikia matangazo, tunatoa kidogo, saa 2 kila mtu ameshaenda zake. Jumuiya nyingine ni siku za kazi jioni, inategemea na mtaa. Zikiungana kadhaa inakuwa kanda, kanda zinafanya kigango au parokia, na juu huko dekania, yaani parokia kadhaa pamoja, mpaka jimbo.

Hii kitu haikuanza juzi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikaa Nairobi mwaka 1973, wakarudia tena 1976, wakasema Kanisa la huku lijengwe kwenye vikundi vidogo vya majirani, wanaojuana. Mimi nadhani waliona mbali sana, hasa kwa mji kama huu wetu ambao mtu anatoka saa 11 alfajiri anarudi saa 3 usiku, jirani yake anamjua kwa kikohozi tu.

Nikikaa kwanza nizoee mji, nitajiunga baadaye, kuna shida?

Hili ndo swali ambalo najibu kwa kirefu kuliko yote, na naomba usome mpaka mwisho.

Mimi nilifika Dar nikakaa karibu miaka mitatu bila jumuiya. Jumapili nasali, tena siikosi, halafu naondoka. Mwaka wa tatu baba akafariki, alikuwa amekuja kwangu kutibiwa. Ilikuwa usiku, niko na mdogo wangu tu, sijui pa kuanzia, sijui natakiwa kumwambia nani ili padri aje, turubai linakodiwa wapi, nani atapika. Asubuhi akaja mama mmoja wa nyumba ya tatu, sikuwahi hata kumsalimia vizuri, akauliza "nyie ni Wakatoliki?" nikasema ndiyo, akauliza "jumuiya gani?" nikanyamaza. Hakunisema hata neno moja. Akatoka, baada ya lisaa wakaja akina mama saba na sufuria zao na kuni, wanaume wawili wakaanza kufunga turubai, jioni tunasali rozari uwani watu hamsini na kitu. Watu ambao sikuwa nimewachangia hata mia.

Baadaye ndo nikaelewa kuwa lile swali lake la jumuiya gani halikuwa la kunihukumu, alikuwa anatafuta ampigie nani. Hamna wa kupigiwa. Ilibidi abebe yeye. Kwa hiyo ukiniuliza kuna shida gani kusubiri, shida ndo hiyo, kwamba siku yako ikifika mtu mwingine atalazimika kubeba peke yake mzigo ambao ulitakiwa ubebwe na kaya thelathini. Nilijiandikisha wiki ya arobaini ya mzee. Yule mama sasa hivi namuita mama, na akiumwa mimi ndo napeleka maji.

Jumamosi asubuhi ndo muda wa jogingi. Nifanyeje?

Wengi sana mnauliza hili, na ni kweli, klabu za jogingi za Dar zinakimbia Jumamosi na Jumapili alfajiri, wanaimba, wana tisheti zao, na kwa kweli ni kitu kizuri, nyingi zinasaidiana pia kwenye misiba na ugonjwa. Sikuambii uache. Kaa nao uwaambie ukweli, "mimi Jumamosi nina jumuiya, nitakuja Jumapili nikitoka misa ya kwanza" au kinyume chake, unakimbia Jumapili saa 11 kasoro halafu unawahi misa ya pili. Kwenye jumuiya yetu wapo vijana wanne wanakuja na raba kabisa, wakimaliza sala ya mwisho wanaondoka wanakimbia. Hamna aliyekwazika. Bibi mmoja anawaombea magoti.

Misa ni saa ngapi, na Jumapili nikiwa kazini inakuwaje?

Parokia nyingi misa ya kwanza ni saa 12 asubuhi, afu ya pili saa 2 au karibu na hapo, halafu ya tatu, na ya watoto ina muda wake. Kuna parokia zina misa ya Kiingereza pia. Usichelewe ya kwanza ukidhani utapata kiti saa 12 na robo, utasimama nje kwenye mwembe.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: misa ya Jumamosi jioni ni misa ya Dominika kabisa, sheria ya Kanisa inasema unaweza kutimiza wajibu siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia. Nesi, mlinzi, dereva wa mwendokasi, mpishi wa hoteli, tafuta parokia yenye misa ya Jumamosi jioni uwe nayo akilini. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, pia inakubali kuwa zipo kazi za huduma na mahitaji ya familia ambayo ni sababu halali ya kufanya kazi siku ya Bwana, ila inaonya isije ikawa mazoea yanayoua sala, familia na afya. Mmachinga wa Kariakoo mwenye watoto watatu sio mtenda dhambi kwa kufungua meza Jumapili mchana. Ila na wewe unayefungua kwa sababu tu unaogopa jirani atakuzidi, hilo ongea na Mungu wako mwenyewe.

Kuombea timu ishinde ni dhambi?

Sio dhambi. Omba hata wachezaji wasiumie. Hizi timu zina umri mkubwa kuliko wengi wetu, Yanga 1935, Simba 1936, zote za Kariakoo, babu zetu walishazigombania. Mimi ni Yanga na mwenyekiti wangu wa jumuiya ni Simba wa kufa, na siku ya dabi tunasali pamoja asubuhi, jioni hakuna anayepokea simu ya mwenzake.

Ninachokikataa ni matusi. Mtu anapokea Komunyo saa 3 asubuhi, saa 12 jioni yupo kibanda umiza anamtukania mwenzake mama yake mzazi kwa sababu ya penalti. Na kwa wageni, msichanganye: Msimbazi ya Simba ni mtaa wa Kariakoo, Msimbazi Center ni ya Kanisa, iko Ilala barabara ya Kawawa. Kijana mmoja alitumwa kwenye semina Msimbazi Center akashukia klabuni, akakosa mada nzima ya asubuhi.

Na kubeti je?

Nikujibu kwanza Kanisa linasemaje, halafu mimi nasemaje.

Katekisimu namba 2413 inasema michezo ya bahati nasibu na kubeti yenyewe kwa yenyewe sio kinyume na haki. Inakuwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na watu wake, na inaonya kuwa ile hamu inaweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kila anayeweka mkeka anaenda motoni, sio kweli, na akikwambia Kanisa halina neno, hiyo nayo sio kweli.

Sasa mimi. Nimeona kwa macho yangu ada ya mtoto wa darasa la tano ikiisha kwenye simu kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 4, mia tano mia tano, elfu elfu, baba mtu kakaa kwenye kochi mkewe anadhani anachati. Hiyo mia tano sio mchezo kama mshahara wako ni wa siku. Kipimo ninachowapa vijana ni kimoja, je, mkeo au mama yako anajua umeweka shilingi ngapi wiki hii? Kama unaificha basi jibu unalo. Na mtu akishindwa kuacha aje aseme, tunao wawili jumuiyani wametoka huko na wanasaidia wenzao, simu wanawaachia wake zao Jumamosi na Jumapili.

Nataka hobi ya kanisani. Kwaya inachukua muda gani?

Muda mwingi, usidanganywe. Mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki jioni, ikikaribia Pasaka na Krismasi ni karibu kila siku, Jumapili unaimba, kuna misiba, kuna ndoa, kuna kurekodi, kuna sare za kushona. Lakini sijaona shule ya bure kama kwaya. Unafundishwa kusoma nota, unaingia hujui chochote na baada ya miezi sita unaona karatasi ina d, r, m unaisoma kama gazeti, besi anakaa na besi, alto na alto, na muuza mitumba anamfundisha mhasibu wa benki. Wapiga kinanda wengi wa mjini walianza hivo hivo, wakibaki kanisani baada ya mazoezi wanabonyeza taratibu mpaka mlinzi anataka kufunga. Tarehe 22 Novemba ni Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ukipita kwenye makanisa ya Dar wiki hiyo utasikia.

Kama huna sauti, vijana wana VIWAWA, akina mama wana WAWATA ambayo ipo tangu 1972, akina baba wana UWAKA, watoto wana Utoto Mtakatifu. Wanasali, wana bonanza, wanacheza mpira wa miguu na netiboli baina ya parokia na parokia, wanatembelea wafungwa na wagonjwa. VIWAWA wetu kila mwaka wanachimba choo kwa mzee mmoja asiye na watu. Hiyo nayo ni hobi.

Bia na kitimoto?

Vyote halali. Shida sio glasi, shida ni kiasi. Katekisimu namba 2290 inataka kiasi kwenye chakula, pombe, tumbaku na dawa, na hapo hapo inasema mwenye kuhatarisha usalama wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi barabarani ana hatia kubwa. Someni hiyo ndugu zangu wa bodaboda na nyie wenye magari ya kwenda kuonesha Mbezi usiku wa Ijumaa.

Kitimoto kula, ila unaishi na watu. Kama mnashea jiko na jirani Muislamu usikaangie pale, nenda kakule baa ukanawe urudi. Hakuna sheria ya Kanisa inayokulazimisha, ni heshima tu ambayo mji huu umelelewa nayo.

Kwaresima natakiwa kufunga vipi, na ikiangukia Ramadhani je?

Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Kuacha nyama ni kuanzia miaka 14, siku hizo mbili na Ijumaa za Kwaresima. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Zaidi ya hapo ni wewe na moyo wako, na jioni za Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, wahi maana foleni ya Ijumaa mnaijua. Ijumaa hizo samaki wapo, ukiwa na nafasi nenda soko la samaki la Feri asubuhi mapema ununue kwa mnada na wenzako mgawane, inakuwa nafuu sana kuliko gengeni.

Miaka ya karibuni zimekuwa zinakutana. 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Majivu yakawa Machi 5. Mtaani kwetu nusu ya watu wamefunga huku na nusu wamefunga kule, mchana kumepoa, mama ntilie wachache. Magharibi ikiadhiniwa jirani yangu anagonga na bakuli la tambi na kaimati, mimi wiki ya Pasaka napeleka pilau. Watoto wangu wanajua kuwa jirani akifunga huli mbele yake, na wake wanajua kwanini tuna alama ya majivu usoni. Mimi kwangu hii ni zawadi kubwa ya Dar kuliko bahari.

Nimekula chapati kwenye daladala nikienda misa. Nikomunike?

Kufunga kabla ya Komunyo ni saa moja, maji na dawa havihesabiki. Hesabu mpaka muda wa kupokea, sio mpaka misa inapoanza. Misa ya Dar na mahubiri na matangazo na vigelegele, uwezekano mkubwa chapati imeshatimiza saa yake.

Baada ya misa nikaenda Coco Beach kuna ubaya?

Ubaya upo wapi? Siku ya Bwana ni ya kupumzika na kufurahi na familia, hilo limeandikwa. Nenda, kula mihogo ya kukaanga na ile pilipili na kachumbari, waache watoto wachimbe mchanga. Sema usitoke nyumbani umeshavaa kaptura ya beach ukaingia nayo kanisani. Beba begi. Khanga inakunjwa, haina uzito.

Tunaishi pamoja bila ndoa. Tufanyeje, na harusi hatuna hela?

Hii "sogea tuishi" ipo kila mtaa, na ninaandika kwa upole kwa sababu nusu ya waliobariki ndoa jumuiyani kwetu walianzia hapo.

Misa mnaruhusiwa kuja, jumuiya mnakaribishwa, zamu ya kusalia nyumbani kwenu mtapewa. Komunyo hapana, mpaka mfunge ndoa. Ndoa ya bomani peke yake kwa Mkatoliki haitoshi mbele ya Kanisa. Na ile sheria ya ndoa ya 1971 inayosema waliokaa pamoja miaka miwili na kuonekana kama mume na mke wanaweza kudhaniwa ni wanandoa, hiyo inawasaidia mahakamani, haifanyi sakramenti.

Sasa kinachowakwamisha watu sio imani, ni ukumbi. Nimemjua kaka mmoja alikaa miaka tisa na mwenzake, watoto watatu, kila mwaka anasema tukipata hela. Hela ya nini? Ya kamati, ya MC, ya keki, ya sendofu, ya kichen pati, ya gari za kukodi. Kanisa halijawahi kukudai hata kimoja kati ya hivyo. Linataka vyeti vyenu vya ubatizo, mafundisho ya ndoa, matangazo yasomwe Dominika tatu mtu mwenye pingamizi aseme, mashahidi wawili, na padri. Basi. Parokia nyingine zinafanya ndoa za pamoja, mnafunga hata jozi kumi kwa misa moja. Yule kaka mwishowe alifunga hivyo, mkewe amevaa gauni la kuazima kwa shemeji, jumuiya tukapika wali kuku kwenye uwanja wa nyumba yao, na alipopokea Komunyo baada ya miaka yote ile alilia mpaka akashikwa mkono kurudi kwenye benchi. Nani anakumbuka kulikuwa na keki au hamna?

Kuchangia harusi za wenzako changia, ni utamaduni wetu na mimi naupenda. Ila mtu asilazimishwe kukopa wala asitishwe kwa kadi ya mchango.

Mchumba wangu ni Mlutheri / Muislamu.

Inawezekana, zote mbili, ila uanze mapema kwa paroko. Mlutheri amebatizwa, kwa hiyo unahitaji ruhusa, na ndoa yenu ni sakramenti. Muislamu hajabatizwa, kwa hiyo ni kibali cha askofu cha kuondoa kizuizi, ndoa inakuwa halali ingawa sio sakramenti. Wewe Mkatoliki utaahidi kushika imani yako na kufanya unachoweza watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzako ataambiwa waziwazi hiyo ahadi ili asije akasema hakujua. Ongeeni suala la watoto kabla, sio labour.

Napenda kutembea na kupiga picha. Kuna sehemu zenye historia ya imani?

Nyingi mno, na karibu hamna anayezitembelea.

Anza mjini. Shuka Posta ya Zamani utakuta makanisa mawili makubwa ya enzi za Wajerumani karibu karibu, yote yanatazama bandari, na kila siku watu wanayachanganya. Lile la Azania Front ni la Walutheri. La kwetu ni Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la jimbo, lilijengwa 1897 mpaka 1902. Ingia ukae kimya dakika kumi, nje kuna honi za meli na kelele za feri ya Kigamboni, ndani vioo vya rangi na ubaridi. Kama kuna ibada usipige picha. Hapa ndo alikuwa askofu mkuu Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali, mwaka 1960.

Halafu Pugu. Wabenediktini walifika pale 1888, na Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani misheni ikavamiwa na wamisionari wakauawa. Leo ni kituo cha hija, watu wanatembea kwa mguu kutoka mjini wakisali rozari. Miaka ya 1950 Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu kabla hajaacha kazi kwa ajili ya TANU. Na kuna msitu wa Pugu jirani kwa wanaopenda kupanda vilima, siku hizi hata treni ya SGR ya kawaida inasimama Pugu.

Bagamoyo ndo baba yao, kama kilomita 70. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni 1868, wakawa wanakomboa watumwa na kuwapa mashamba. Upo mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kusafirishwa kwao, lipo jumba la makumbusho, na ule mbuyu uliomeza mnyororo, kipande tu ndo kinaonekana. Nenda siku nzima na jumuiya, msiende nusu siku. Mimi nilisimama makaburini pale kwa wamisionari, soma umri wao uone, vijana wa miaka ishirini na kitu waliokufa na malaria, sikuweza kuongea mpaka tunafika Bunju.

Bao na drafti kijiweni si uvivu?

Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao na alikuwa mtu wa misa, akiwa Msasani alisali Mtakatifu Petro, na tangu 2005 mchakato wake wa kutangazwa mwenyeheri ulianzia jimbo la Musoma. Anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa hiyo cheza bao. Kazi imalizike kwanza.

Mganga, nyota, mafuta ya kuvuta wateja?

Hapana, hata moja. Biashara ikienda vibaya njoo tuiombee na tukutafutie mtaji kwenye kibubu cha jumuiya.

Michango imezidi. Zaka, ujenzi, jumuiya, kanda.

Naelewa kabisa, hesabu naiandika mimi. Panga kwa mwezi, toa unachoweza, usikope ili utoe. Huna kabisa, mwambie mwenyekiti, inaandikwa tunasonga mbele. Usiache kuja kwa sababu ya hela. Hilo linaniuma kuliko lolote, mtu anakaa ndani Jumamosi anasikia nyimbo zetu nyumba ya pili, haji kwa sababu anadaiwa elfu tano. Na kama kuna kiongozi aliwahi kukuaibisha hadharani, nakuomba msamaha kwa niaba yake, na jambo hilo lipeleke kwa paroko.

Sijaenda kanisani miaka kumi. Nitaanzaje, wataniuliza?

Kitubio (kuungama) kipo, parokia nyingi Jumamosi jioni, na padri akijua ni muda mrefu atakuongoza, huhitaji kukariri. Mwambie tu "padri, ni miaka kumi, nisaidie."

Jumuiyani hatuulizi. Tunaimba wimbo wa kuanza, mgeni anaombwa aseme jina na nyumba anayokaa, basi. Jumamosi hii tupo kwa mama yule wa nyumba ya tatu, geti la bluu baada ya mashine ya kusaga, saa 12 na nusu. Beba kiti au stuli ukiwa nayo, kwake viti havitoshi.